Pepo Bubu wa Kyimo

Binti alipomwona Ambilikile akitokea kwenye kona ya mashine ya kusaga, alikatisha maneno, akajifunika khanga usoni na kuruka mtaro na ndoo yake ya maji kichwani. Maji yote yakamwagika. Binti hakugeuka nyuma.

“Pepo bubu,” alisema Ambilikile, akatikisa kichwa kwa huruma. Moyoni alikuwa anachekelea.

Tangu aokoke kwenye mkutano wa injili mwaka uliopita, Ambilikile aliapa kuwa hatakuwa Mkristo wa mvunguni. Alinunua kipaza sauti cha mkononi kutoka kwa chama kimoja cha siasa kilichokufa kabla ya kufika kwenye uchaguzi, na bendera ya marehemu ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Kuanzia hapo Kyimo haikupata usingizi. Aliwahubiria wachuma chai, akawahubiria wauza mitumba, na siku moja alilihubiria josho zima la ng'ombe.

Tena hakuwa na siri. Alipotoa ushuhuda sokoni, aliutoa wote, pamoja na namna mkewe Tupokigwe alivyomnunia kutwa nzima kwa ajili ya kipande cha nyama. “Mkristo hana siri!” alinguruma. Na kweli, tangu siku hiyo hakuna aliyempa hata moja. Akiketi jikoni, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Hata mwanawe Nsajigwa, aliyekuwa akiuza mitumba Mbeya, salamu zake alizituma kwa mama tu.

Hayo Ambilikile angeyavumilia. Kilichomkosesha raha ni mavuno. Kelele zote hizo, na hakuwa amempeleka kanisani hata mtu mmoja. Mhubiri mwenzake Ezron, ambaye alihubiri kwa sauti ya mtu mwenye mafua, alikuwa ameshajaza benchi zima. Mchungaji alimwita Ambilikile pembeni, akamwambia kwa upole kuwa kama Jumapili hii atakuja mikono mitupu, basi amwazime Ezron kile kipaza sauti.

Bila kipaza sauti Ambilikile angerudi kuwa yule mzee wa migomba ambaye hakuna aliyegeuza shingo kumtazama, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kukiri hata katika ushuhuda.

Ndiyo maana binti huyu aliletwa na Mungu. Aliitwa Lusungu, ametoka Matwebe juzijuzi, na alishona kwa cherehani barazani kwa shangazi yake Agness. Alicheka na wateja, akataniana na wapagazi, akabishana na wauza nyuzi mpaka wakashusha bei. Lakini mtumishi wa Mungu akikaribia tu, kimya! Uso chini, khanga juu, mbio. Salamu haitikii. Dalili gani nyingine mtu angetaka?

“Lakini baba, Lusungu ameokoka,” Agness alimwambia. “Kwao Matwebe anaimba kwaya.”

“Hata mapepo yanajua nyimbo, mama.”

Nyumbani nako Tupokigwe alijaribu. “Baba Nsajigwa, mwache yule binti. Ana adabu zake.”

“Adabu gani za kutoitikia salamu?”

Tupokigwe alikoroga chungu, akasema inaelekea mvua itanyesha.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko, na Jumapili ilikuwa inabisha hodi. Kwa mara ya kwanza tangu aokoke, Ambilikile alijificha. Alichuchumaa nyuma ya lundo la mikungu ya ndizi, na Lusungu alipopita na kapu lake, akamrukia mbele kama jogoo.

“Bwana asifiwe!”

Lusungu aliachia kapu. Nyanya zikatawanyika. Huku kulikuwa na ukuta, kule kulikuwa na Ambilikile, na katikati kulikuwa na choo cha soko. Akaingia humo, akashusha komeo.

Ambilikile alibonyeza kitufe. “PEPO BUBU, TOKA!”

Soko zima likahamia chooni. Wauza mitumba waliacha marundo yao, na mzee mmoja alikuja akiwa amevaa koti alilokuwa bado hajalilipia. Waliokuwa na haja zao walipanga foleni kwa unyenyekevu, wakidhani mambo ya rohoni hayachukui muda. Yalichukua.

“Sema neno moja tu, binti! Sema ‘Amina’!”

Kisha kutoka ndani mbao ziligongwa, ko, ko, ko.

“Pepo anagonga!” watu walipiga yowe. Wa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakasukuma mbele, wapate kuona.

Ezron alijipenyeza akiwa ameshika tumbo, jasho likimtiririka. “Ndugu Ambilikile,” alisema kwa unyonge, “mwambie pepo afanye haraka.” Ambilikile hakumsikia. Ezron alitazama mlango, akatazama mbingu, kisha akatimua mbio kuelekea migombani.

“NITAKESHA HAPA!” Ambilikile alinguruma. Machozi ya furaha yalimlengalenga. Kesho angeingia kanisani na mtu wake mkononi, na kipaza sauti chake kwapani.

Ndipo Tupokigwe alipofika, akihema, akiwasukuma watu kwa viwiko. Hakutaka mtu mwingine asikie. Alimshika mumewe shingo, akamvuta karibu, akaweka mdomo sikioni pake na kunong'ona. Lakini Ambilikile, kwa bidii ya Bwana, alikuwa hajatoa kidole kwenye kitufe, na kipaza sauti kilikuwa chini ya kidevu chake. Mnong'ono ule ulipita juu ya mitumba na mikungu mpaka kwenye malori yaliyokuwa yakipakia ndizi kando ya lami:

“Baba Nsajigwa, huyo ni mchumba wa mwanao, ulitaka aanzeje kuvunja mwiko na kuongea na baba mkwe? Tulikuficha usije ukatangaza sokoni.”