Alama ya Mafuta

"Hii ndiyo nyota ya mwanangu," mama aliwaambia wanajumuiya waliojaa sebuleni kwake Butimba, akagusa kioo cha kompyuta. Kidole chake kilikuwa na mafuta ya senene wa kukaanga aliowaandalia wageni. Kikaacha alama juu ya mwinuko mwekundu kwenye mchoro wa mwanga wa nyota.

Mwinuko ule ndio uliompatia bintiye, Prudencia, sifa. Ulionyesha nyota yenye joto kali, iliyozungukwa na gesi inayong'aa, ambayo yeye ndiye aliyeiona kwanza katika data za darubini. Jumapili habari hiyo ilitangazwa kanisani. Leo walikuja kumshukuru Mungu.

"Tuonyeshe na majirani zake," mwenyekiti wa jumuiya aliomba.

Prudencia akafungua nyota ya pili. Mwinuko ulikuwa palepale, chini ya alama ya mafuta. Akafungua ya tatu, kisha ya nne. Palepale.

Kumbe gesi haikuwa ya nyota yake. Ilikuwa imetanda eneo lote lile la anga, na yeye hakuwahi kuwatazama majirani.



"Hizi nazo umezigundua wewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Zote," mama alijibu, na vigelegele vikapigwa.

Prudencia alivuta ncha ya kitenge chake, akafuta alama ya mafuta kwenye kioo.