Kipande cha Maranda

Kona ya fremu ilikataa tena kufunga. Mzee Hamdani aliiinua dirishani, mwanga ukapenya katikati ya mbao mbili.

"Mikono yangu imechoka," alimwambia Rukia, mke wa mwanawe.

Rukia alikitazama kibao cha kurandia, ambacho mzee alikitengeneza mwenyewe ili ncha za mbao zitoke sawasawa. Mwezi uliopita Rukia alikiangusha. Kizuizi chake cha kuegemezea ubao kiling'oka, akakipigilia upya kwa kukisia, kikakaa upande kidogo, na hakumwambia mzee.

"Hebu jaribu wewe." Mzee alimsogezea randa.

Rukia aliegemeza ubao kwenye kizuizi. Kwa mazoea, kidole chake kikachomeka kati ya ubao na kizuizi kipande chembamba cha maranda ili kunyoosha pembe, kama alivyofanya kila siku tangu kosa lile. Akaranda ncha ya kwanza, kisha ya pili. Mzee akaziunganisha. Mwanga haukupita.

"Umeona, mwanangu? Kibao hakina neno. Ni mimi." Akavua aproni yake, akamkabidhi.

"Baba," Rukia akaita.

Mzee, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akageuka. "Naam?"

Kile kipande cha maranda kilikuwa bado kwenye kizuizi, kimechomoza kidogo, kikitikisika kwa upepo wa mlango.