Mashine Inayotaja Sababu

Wewe ungeiamini mashine inayokwambia mgonjwa atazidiwa, halafu ikakutajia na sababu?

Dokta Stacy aliiamini. Ugonjwa wa Mama Maombi ni adimu. Wagonjwa wake katika jimbo zima la Minnesota, Marekani, wanaenea meza moja ya chakula. Mashine nyingine zikipewa habari chache hivyo hubahatisha tu. Hii aliitengeneza Elisée, mwana wa Mama Maombi mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila ilipotabiri, iliwasha rangi nyekundu pale ilipopata sababu.

Asubuhi hiyo ya theluji mama alifika na Elisée kutoka mtaa wa Frogtown, koti zito juu ya kitenge, miguu imevimba hata viatu havifungiki. Tangu aanze dawa ya majaribio alikuwa akizidi kudhoofika.

"Muulize anajisikiaje," Stacy alisema.

Elisée akauliza. Mama akajibu kwa Kiswahili, maneno marefu, mkono kifuani, macho kwa daktari.

"Anasema hajambo. Anashukuru."

"Yote hayo ni shukrani?"

"Mama zetu wa Uvira, kule Kongo, dokta! Salamu peke yake inamaliza chai."

Wakacheka wawili. Mama hakucheka.

"Labda tumpumzishe dawa," Stacy alisema.

"Hapana, mwenyewe anataka kuendelea. Na wagonjwa ndio hao wachache. Mmoja akitoka, mashine itajifunza kwa nani?"

Stacy akaifungua mashine kwenye kompyuta. Hatari: kubwa mno. Akatafuta nyekundu kwenye figo, haipo. Kwenye moyo, haipo. Ilikuwa inawaka chini kabisa, penye swali ambalo hakuna aliyekuwa akilijali: nani humjibia mgonjwa? Mwanawe.

"Hilo ni kosa," Elisée alisema upesi. "Habari zikiwa chache, inashika hata kitu cha bure. Nitalifuta hilo swali."

"Si wewe uliyesema sababu isifichwe?"

Stacy akainua simu, akamwita Mukamana, mkalimani wa hospitali.

"Hakuna haja, dokta. Mimi nipo."

Stacy akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Jambo mama," Mukamana alisema. "Daktari anauliza, unajisikiaje?"

Mama Maombi akaivuta simu kwa mikono miwili, akasema polepole mpaka akamaliza. Mukamana akamtafsiria daktari:

"Anasema, 'Kila nikija hapa ninaomba mniachishe hii dawa, inaniua. Kwani mwanangu huwa anawaambia nini?'"