Mlango wa Mzee Mfinanga

Siku hizi king'ora kikilia hapa Hedaru, milango ya nyumba zote za kando ya barabara kuu hujifunga yenyewe. Sheria inayaruhusu magari ya kifahari kukimbia kwa mwendo wake wote, na atakayekutwa barabarani wakati huo hana wa kumlaumu.

Asubuhi hiyo Nakijwa alikuwa jikoni mlango ulipojifunga. Alipochungulia dirishani alimwona baba yake, Mzee Mfinanga, ameshafika ukingoni mwa lami na fimbo yake, akienda kumjulia hali rafiki yake ng'ambo ya barabara. Masikio ya mzee yalikuwa mazito, king'ora hakukisikia.

"Baba, rudi," Nakijwa aliita, akigonga kioo.

Mzee aliinua mguu. Gari likapita. Nakijwa hakuliona gari lenyewe. Aliona vumbi, kisha akamwona baba yake ameketi chini, kofia imepeperuka, akigeuza shingo huku na huku.

Mlango ulipofunguka alimkimbilia. Hakuwa na jeraha.

"Kimepita nini, mwanangu?" mzee aliuliza.

Kesho yake Nakijwa alimwita fundi, akaweka kufuli nje ya mlango wa chumba cha baba yake. Alijiambia ni kwa wakati wa king'ora tu.

Wiki chache baadaye, akiwa anafua uani, alisikia mlango ule ukigongwa taratibu.

"Nakijwa, gari limeshapita?"

Barabara ilikuwa kimya tangu alfajiri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na nguo zilikuwa bado nyingi.

"Bado, baba," alijibu kwa sauti kubwa. "Tulia kwanza."