Zamu ya Mwenzako

Sheria inamtaka kila mume wa wake wawili awe na seva ya zamu nyumbani, na mlango wa kila mke umfungukie usiku wa mke huyo tu. Mimi naishi ghorofa ya juu, na mke mwenzangu, Riziki, anaishi chini. Seva ikishindwa kuwaka, milango yote miwili hujifunga, na kioo cha kila mlango huandika: "Zamu ya mwenzako."

Mwezi huu zamu zangu zimekuwa zikiishia hivyo. Data kwenye diski ya kuwashia seva zinaharibika. Nimebadilisha diski, nimebadilisha kebo, nimeweka nakala safi. Wapi! Mwishowe fundi akaniambia, "Hata diski mpya itaharibika mkiizimia umeme ghafla. Hapo kwenu kuna mtu anachomoa waya."

Nikashuka na diski iliyoharibika mkononi, nimefura kwa hasira.

"Riziki, nimekukosea nini?"

"Dada, na mimi nilikuwa napanda kukuuliza hilohilo. Usiku wangu nao inazimika. Kioo kinaniambia yuko kwako."

"Kwangu? Mimi kinaniambia yuko kwako!"

Tukaitazama soketi ya seva. Iko kando ya mlango wa nje, pale mume wetu alipong'ang'ania iwekwe.

Jioni alituaga kwa upole, anakwenda kununua maziwa mara moja. Mlango wa nje ukafungwa, na taa ya seva ikazimika.

Riziki alikuwa ameshavaa viatu.