Vitanzi vya Zizi la Chini

Kile kitanzi hakikupaswa kuwa pale.

Profesa aliondoa jicho kwenye hadubini, akafuta lenzi, akatazama tena. Kitanzi kilikuwepo, na ndani yake mnyoo mchanga amebanwa katikati, hasogei. Pembeni kulikuwa na kingine. Na kingine.

Akageuza kichupa asome lebo, ingawa aliiandika mwenyewe: Mavi, zizi la chini.

Alikuwa ameshafungasha nusu ya maabara. Asubuhi ile wakubwa wake waliisoma ripoti yake, wakaufunga mradi wa miaka sita kwa sentensi mbili. Mmoja alimuuliza kwa upole kama amewahi kufikiria kufundisha. Vichupa vya mwisho alivipima kwa sababu tu roho ilimuuma kuvimwaga bila kuvitazama. Kabla ya hapo hakuwahi kutafuta kuvu yake, ile inayotega kwa vitanzi, kwenye mavi ya zizi la chini. Ya nini kutafuta kitu ambacho hukukiweka?

Jina la Profesa alipewa na dada yake mkubwa, siku alipomletea gunia la kwanza la pumba zenye kuvu.

"Kuvu hii haiui minyoo walio tumboni," alimweleza. "Kondoo anaila na pumba, inapita, inatoka kwenye mavi. Huko ndiko inakotega. Minyoo wachanga wakianguliwa inawanasa, hawafiki kwenye majani wakaliwa tena."

"Kuvu yenye mitego!" Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya Profesa, ila wangu usiwaguse. Jaribia wako."

Ilikuwa haki. Kondoo wa marehemu mama yao waligawanywa sawasawa, kumi na wanne kila mmoja. Profesa akawaweka wake zizi la juu, wapewe pumba za gunia lenye utepe mwekundu, zenye kuvu. Wa dada wakakaa zizi la chini, na malisho yao mbali, wakila pumba tupu za gunia la utepe wa buluu. Profesa alikuja Jumamosi tu kwa sababu ya kazi. Siku nyingine zote aliyelisha ni dada.

Mvua ziliponoga, kondoo wa juu wakaanza kuharisha. Wakavimba chini ya taya. Ukigeuza kope zao, ndani peupe kama karatasi. Mpaka Profesa anakubali kushindwa na kuwanywesha dawa ya minyoo ya dukani, tisa walikuwa wameshakufa. Dada alishika sepetu akachimba naye mashimo, kisha akamkumbatia, matope mpaka viwikoni.

"Pole, mdogo wangu. Umejitahidi."

Na sasa vitanzi hivi, kwenye mavi ya kondoo waliolishwa pumba tupu. Kuna mtu aliyechezea magunia, na Profesa hakuhitaji kuumiza kichwa kumjua. Kuvu ingefaulu, nani tena angenunua chupa za yule muuza dawa za mifugo wa kijijini kwao? Mwenyewe aliwahi kusema mbele za watu, "Huyu binti anataka kunifungishia duka."

Alifika dukani, akabamiza kiganja juu ya meza.

"Umenibadilishia magunia!"

Muuza dawa aliweka kalamu chini. "Magunia gani? Kwenu sijakanyaga tangu msiba wa mama yenu."

"Usinifanye mtoto. Nani mwingine angefaidika?"

"Nimefaidika nini mimi? Dada yako kila masika hununua chupa mbili za dawa ya minyoo. Mwaka huu hata moja. Nikamuuliza, mama, kulikoni? Akanijibu hana haja nazo." Akamtazama vizuri. "Kwani hukujua?"

Profesa alitoka bila kuaga.

Njia nzima alijitafutia maelezo mengine. Labda dada alichanganya rangi. Labda macho yalikuwa yanamsumbua, naye anaona aibu kusema.

Alimkuta zizi la chini, ameinama, amempa mgongo, akichota pumba kwenye gunia la utepe mwekundu. Kondoo kumi na wanne wanene walikuwa wakimsukuma magotini, wakigombea kufika kwanza.

Profesa alikuja amejiandaa kupiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Dada. Tumezika tisa. Ulinishika mkono tukazika tisa."

Dada hakushtuka. Alimimina pumba kwenye hori, akazisawazisha kwa kiganja.

"Wewe una mshahara," alisema. "Mimi nina hawa tu. Na uliileta ya kutosha kundi moja."

"Lakini ulinicheka! Ulisema wako nisiwaguse."

Ndipo dada alipogeuka, na machoni mwake hakukuwa na aibu hata chembe.

"Wakubwa zako hawakukuamini. Majirani hawakukuamini. Mimi nilikuamini tangu siku ya kwanza, mdogo wangu. Ningekuwa siamini, ningewapa wangu?"