Tope Juu ya Kizuizi

"Mzee, sogea kidogo, unaziba maporomoko," alisema bwana msitu. Mpiga picha alikuwa amechutama juu ya jiwe, kamera tayari.

Mgane hakusogea. Hakuna aliyemwalika, aliwaona asubuhi wakiingia msituni, akawafuata kupanda saa mbili nzima. Wakubwa hawa wameanza lini kupenda maji?

Hapa ndipo mkewe alipoteleza mwaka jana, maji yakamchukua. Ofisi ya misitu ikasema kizuizi cha mbao kilikuwepo, mama mwenyewe alikiruka. Kesho kutwa kesi aliyoifungua dhidi yao inasikilizwa.

Na leo kizuizi kipo kweli, kimechakaa, kimejaa tope.

Tope, na mvua haijanyesha wiki tatu?

Alikwangua kwa ukucha. Chini ya tope mbao ilikuwa nyeupe, bado inanukia msumeno, na kichwa cha msumari kiling'aa kama jino la bwana arusi.

"Achana na hayo, baba," bwana msitu alisema, sauti imempungua. "Twende zetu."

Mgane alivua shati, akaifuta mbao kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu," alimwambia mpiga picha, "maji yapo tu, hayakimbii. Piga hapa."

Mpiga picha alimtazama bwana msitu. Kisha, taratibu, akaigeuza kamera.